Watu wa Karafuu

Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, niliweka sinia la pilau baina ya mama yangu na mtoto wa kaka yangu, nikakaa nao, tukapiga bismillahi. Mama alikula. Mimi nilikula. Mtoto hakula. Alikuwa akiutazama wali kama mtu anayemtafuta jamaa yake katika mkusanyiko mkubwa. Akachopoa karafuu moja kwa ncha za vidole, akaipangusa mafuta kwa upindo wa mtandio wake, akaiweka kiganjani. Akachopoa ya pili. Ilipotoka ya tatu, machozi yalikuwa yameshamlengalenga.

“Kula,” nilimwambia. “Chakula hakichezewi.”

“Shangazi,” alisema, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kunipa kwa mkupuo mmoja tangu aje nyumbani kwetu, “umempika sheha na wajumbe wake wote.”

Mama, ambaye amepindukia miaka themanini na hana meno ya kutosha kutafunia, aliacha kutafuna.

“Basi huyu niliyenaye mdomoni hivi sasa ni nani?”

“Sijui, Bibi. Ana kichwa?”

“Alikuwa nacho.”

Mama alicheka mpaka nikalazimika kumpa maji. Mimi sikucheka. Nilimtaka mtoto anieleze, na maelezo yalitoka kidogo kidogo, kama anayetoa mwiba. Sheha, mkuu wa mtaa, na wajumbe sita walikuwa na mkutano. Mkutano huwa haufai kusumbuliwa, kwa hivyo aliwatia ndani ya kibiriti kitupu na kuwaweka kwenye rafu ya jikoni, penye utulivu. Hapo nilikumbuka. Asubuhi ile kopo la karafuu lilikuwa limebakia na vumbi tu, na nilipopapasa rafuni nilikuta kibiriti, na ndani yake karafuu saba nzuri, zimelazwa kwa safu juu ya pamba. Nilimsifu moyoni mtu mwenye mpangilio wa namna ile. Kisha nikazimimina sufuriani.

Lazima niseme hapa msimamo niliokuwa nao wakati ule, maana bila ya huo kisa hiki hakina maana. Nimesomesha kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo niliamini, na niliwaambia wazazi wengi waliokuja kulalamika, kwamba mtoto akiachiwa kusema jambo dogo lisilo kweli akiwa na miaka minane, atasema kubwa akiwa na kumi na minane. Si kwamba nilichukia hadithi. Chumba changu cha juu kimejaa vitabu vya hadithi, na nimevisoma vyote. Lakini kitabu kina jalada. Kinakiri mlangoni kwamba yaliyomo ni ya kubuni. Mtoto anayekwambia mbele ya sinia kwamba umempika sheha hakiri chochote.

Huyu alikuwa na miaka minane. Kaka yangu alimleta kutoka Makunduchi mwezi wa Januari, kwa sababu mama yake alikuwa mjamzito na daktari alimwamuru alale, na kwa sababu kaka yangu alitaka asome mjini. Alikuja na begi la nguo na mfuko wa plastiki uliojaa simbi za ufukweni na mwani mkavu, ambao nilimwambia auache uani. Huko kwao, kaka yangu aliniambia, alikuwa akisema tangu anaamka mpaka analala. Mjini wenzake walimcheka kwa lahaja ya kwao, na mimi, ambaye nilipaswa kuwa kimbilio lake, nilimsahihisha kila alipofungua kinywa. Baada ya mwezi mmoja maneno yake yalikuwa yamebakia manne au matano. Naam, Shangazi. Nshakula. Nshasoma. Niliyachukulia kuwa ni adabu, nikajipongeza.

“Nioneshe wanakokaa watu hao,” nilimwambia siku ile tulipomaliza kula.

Alinipeleka kwenye ujia unaotoka jikoni kwenda uani. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wake mnene unaweza kuuzamisha mkono hadi kwenye bega usitokee upande wa pili. Pale ujiani lipu ilikuwa imeanguka, mara ya tatu katika miaka mitatu, ikaacha jeraha la ukubwa wa ungo. Mtoto alikuwa amelifunika kwa kipande cha kanga. Alisimama mbele yake.

“Hodi kwanza, Shangazi.”

Nilijua alipoipata hiyo. Wiki yake ya kwanza aliingia chumbani kwangu moja kwa moja, nikamrudisha mpaka kwenye ngazi na kumfundisha: mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka, na wala hachungulii. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima katika nyumba yangu.

“Siwezi kulipigia hodi tundu,” nilisema, nikaifunua kanga, nikachuchumaa.

Baina ya mawe, mahali ambapo maji yalikuwa yamekula chokaa ya zamani, palikuwa na mji. Una vichochoro, na vichochoro vimepinda kama vyetu. Simbi zilikuwa nyumba. Njiti za kibiriti zilikuwa zimepangwa ukutani kuwa baraza, na makonyo ya karafuu yamelazwa juu kuwa boriti. Sokoni punje ya mchele ilikuwa gunia na ufuta ulikuwa mikate. Mwani wa Makunduchi, niliodhani umeshatupwa, ulining'inia nyuma ya mji kama msitu mwekundu. Na kila mahali, wamesimama wima kwenye vumbi la chokaa, walikuwepo watu: karafuu, kila moja imefungwa kitambaa kisichozidi ukucha. Zenye kichwa cha duara zilikuwa vijana. Zile ambazo kichwa kimedondoka na kubakia pembe nne tu zilikuwa watu wazima, maana, alinieleza kwa sauti ya chini, hao wameshavua kofia.

Nitakuwa mwongo nikisema sikupendezwa. Nilipendezwa, na kupendezwa kulinifanya niwe mkali zaidi.

Mwezi ule zamu ya maulidi ya wanawake wa mtaa ilikuwa imeangukia kwetu. Wageni wangepita katika ujia ule ule, na nilikuwa nimeshamwita fundi aje Jumamosi ya wiki ya pili auzibe ukuta. Nilimwambia mtoto hayo. Nilimwambia kwamba siku hiyo karafuu zitarudi koponi, simbi zitakwenda uani, na mambo ya watu wasiokuwepo yatakwisha.

“Naam, Shangazi,” alisema, akairudisha kanga mahali pake na kuinyoosha pembe zote nne, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Usiku ule sikumwona analia, na nililihesabu hilo kuwa jema. Mama hakulihesabu hivyo. Asubuhi alinifuata jikoni na mkongojo wake.

“Unaubomoa mji wa watu?”

“Mama, ni tundu. Isitoshe, sipendi kumwona mtoto anavisha nguo vitu kama masanamu.”

“Karafuu si sanamu. Jana tu umenilisha.” Alikaa kwenye kigoda. “Hebu nambie. Huyu mtoto umewahi kumsikia akicheka?”

Nilifikiri. “Ni mtoto mtulivu.”

“Anacheka kila siku, baada ya alasiri, pale ujiani. Wewe huwa juu unasahihisha madaftari. Mimi huwa nimelala hapa, nasikia. Anasema kama redio. Ukishaliziba tundu, atasemea wapi?”

Nilimmiminia chai yake. Lakini fundi alikuwa ameshaitwa na wageni wameshaalikwa.

Siku mbili baadaye, baada ya alasiri, nilishuka mapema kuchemsha maziwa, na nikamsikia. Sikuchungulia, nilisimama tu jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Naandika hivyo ingawa najua kusikiliza nako ni namna ya kuingia bila ya hodi.

Mji ulikuwa umechagua sheha mpya baada ya msiba wa Ijumaa, na sheha huyo alikuwa na kazi ngumu, kwa sababu kulikuwa na mto. Mto ulishuka kutoka gizani, juu ya msitu mwekundu, na kila uliposhuka ulichukua kitu: leo kizingiti, kesho baraza, siku nyengine ukuta mzima wa sokoni. Wazee walisema ni mvua. Lakini alikuwepo msichana mmoja, mgeni pale mjini, ambaye taji lake lilikuwa na pembe tatu badala ya nne, na wenzake wakimcheka kwa hilo. Msichana huyo alisema: mbona mto unashuka hata jua likiwaka? Wazee wakamwambia anyamaze. Basi akajifunga uzi kiunoni, akauachia mwisho mmoja kwa sheha, akaanza kuupanda ukuta ili aone nani anayemwaga.

Alipanda siku tatu. Alivuka njia kuu ya sisimizi, ambao walikuwa na haraka na hawakumpisha mpaka alipojifanya kipande cha mkate, wakambeba wenyewe. Akafika kwenye pango la mjusi. Mjusi huyo alikuwa amewameza wasafiri wote waliomtangulia, kwa sababu wote walipomwona walipiga kelele na kukimbia. Msichana hakukimbia. Alipiga magoti akasema, “Shikamoo.” Mjusi hakuwahi kuamkiwa tangu azaliwe. Akafungua kinywa ammeze, lakini kinywa kile kile kilikuwa na wajibu wa kujibu kwanza, na alipokwisha kusema “Marahaba” aliona haya kumla mtu aliyemuamkia. Akamwonesha njia. Mbele, alisema mjusi, utakuta jiwe linalolia. Juu ya jiwe kuna mwamba mweusi, mviringo, una tundu katikati, na sauti ya maji ndani yake husikika baada ya—

Hapo maziwa yangu yalifurika, yakazima moto, na sauti ya ujiani ikakatika.

Niliyafuta maziwa kwa hasira. Nilikuwa na hasira kwa sababu sikujua lile jiwe lililia nini.

Jumamosi fundi alikuja. Alikuwa mtu wa Kikwajuni, mwembamba, wa umri wangu, aliyeipokea kazi ya chokaa kwa baba yake na asiyekubali saruji iguse ukuta wa mawe. Alitua karai, mwiko na ndoo ya chokaa aliyoiloweka muda mrefu. Nilimwongoza mpaka ujiani, na tulimkuta mtoto amesimama mgongo ukutani, mikono ameitandaza.

“Sogea, fundi afanye kazi yake,” nilisema.

Hakusogea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia.

“Fundi,” alisema, “ndani wamo watu.”

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akachuchumaa wakawa sawa kwa kimo.

“Wangapi?”

“Arubaini na mmoja. Walikuwa arubaini na wanane.”

“Hao saba wamekwenda wapi?”

Mtoto alinitupia jicho kwa adabu.

“Niliwapika,” nilisema.

“Pole,” alisema fundi, na mpaka leo sijui alikuwa akimpa pole nani. Akaifunua kanga polepole, akageuza uso pembeni asichungulie, akaita: “Hodi!”

Kimya.

“Hodi wenyewe!”

Kimya. Mama alikuwa ameshatoka jikoni na mkongojo wake, akasimama nyuma yangu.

“Hodi, kwa mara ya tatu!”

Sisi wanne tulisikiliza. Naona haya kuliandika, lakini nami nilisikiliza. Fundi akainuka, akalichukua karai lake.

“Hapana aliyeitika, Mwalimu. Mimi siingii nyumba ya watu bila ya idhini. Ntarudi siku nyengine.”

“Fundi, unanidhihaki?”

“Nikudhihaki wewe? Mwanangu mkubwa umemsomesha wewe. Siku moja narudi kazini, gunia la chokaa kichwani, jua linanipasua, ananizuilia mlangoni. ‘Baba, umepiga hodi mbili tu. Mwalimu kasema tatu.’ Nlirudi uchochoroni, Mwalimu, na gunia langu, nkapiga ya tatu. Sasa leo unataka nivunje?”

Mama alikuwa akicheka kwa kukohoa. Mimi nilitafuta neno la kumjibu fundi, lakini mtoto alinitangulia.

“Hawapo, Fundi. Ndiyo maana hawaitiki. Wote wameufuata uzi, wamekwenda kutazama mto unatoka wapi.”

“Mto gani tena?”

“Unaoshuka alfajiri. Ukishaadhiniwa tu, kidogo hivi, unashuka.”

“Siku za mvua.”

“Hata siku za jua. Hata nilipokuja, wakati wa joto lile.”

Fundi aliliweka karai chini mara ya pili, lakini safari hii uso wake haukuwa na mzaha. “Alfajiri peke yake?”

“Alfajiri mkubwa. Halafu adhuhuri, mdogo. Na alasiri. Na magharibi, na isha.”

“Ala! Mto unasali sala tano!” Akainua kichwa kuitazama dari. “Nani anayetawadha huko juu?”

“Mimi,” alisema Mama. “Kuna ubaya?”

Fundi alikunja mikono ya shati lake. Alimwomba mtoto ndoo ya maji, akatia konzi mbili za udongo mwekundu, akakoroga, akapanda nao ngazi mpaka kwenye choo cha juu, mahali ambapo Mama huchukulia udhu wake. Tulisikia akimwaga. Mimi na Mama na mtoto tulibakia chini, macho kwenye tundu. Muda wa kusoma Fatiha mbili hivi ulipita. Kisha, juu ya msitu wa mwani, jiwe moja lilianza kutoa jasho. Jasho likawa tone, tone likawa mchirizi, na mchirizi ukashuka katikati ya soko la ufuta, mwekundu kama chai.

“Jiwe linalolia,” alisema mtoto kwa sauti ndogo.

Fundi alirudi akatueleza. Bomba la kutolea maji lilikuwa limepasuka chini ya sakafu ya choo, na maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta kwa miaka. Lau angepiga lipu siku ile, ingeanguka kabla ya mwaka, kama zilivyoanguka za mafundi wawili waliomtangulia. “Wao waliuliza maji yanatoka wapi?” alisema.

Hawakuuliza. Mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaambia kwamba maji yanatoka kwenye mchirizi wa bati wa jirani yetu, mwanamke anayeshona nguo, ambaye nyumba yake inashirikiana ukuta na yetu. Nilimwambia hivyo hata yeye mwenyewe, mara mbili, kwa sauti iliyosikika dirishani. Aliutengeneza mchirizi wake, maji hayakukatika, nikasema hakuutengeneza vizuri. Niliwaambia wanawake wa mtaa. Kwa miaka mitatu nilimsalimia kwa ncha ya mdomo, na nilijiona mvumilivu. Hadithi yangu haikuwa na jalada. Niliitembeza mtaani ikaaminiwa, kwa sababu aliyeisimulia alikuwa mtu anayejulikana kwa kusema kweli.

Sikungoja jioni. Nilivaa buibui langu nikatoka, nikapiga hodi kwa jirani. Aliitika hodi ya kwanza.

“Karibu, Mwalimu! Pana nini tena, bati langu limekosea wapi leo?”

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana niliona si haki kukaa kwanza. Aliusimamisha mguu wake kwenye kanyagio la cherahani akanisikiliza mpaka mwisho.

“Bomba lenu.”

“Bomba letu.”

“Alhamdulillahi. Bati langu limetoka jela.” Akacheka, akanisukumia kiti. “Kaa basi. Usinitazame hivyo, Mwalimu, nshakusamehe. Nani aliyegundua?”

Nilipomtajia, alipiga kofi. “Yule wa karafuu! Si ndiye anayekuja dirishani kwangu kuomba vipande? Ana maneno yule, masha'Allah! Kanisimulia mpaka nkaunguza suruali ya mtu kwa pasi. Nlidhani wewe ndiye unayemsimulia.”

“Mimi?”

“Si una vitabu chumba kizima?”

Fundi alifanya kazi siku nne. Alilibadilisha bomba, akaukausha ukuta, akajaza chokaa kwenye mawe yaliyolegea. Mahali pa tundu alijenga kidaka chenye tao juu, kama vile vya vyumba vya zamani, kina kirefu, na kwa upande wa ndani aliyaacha mawe wazi yenye vichochoro vyake. Hakuniomba ruhusa. Alimwomba mtoto, na mtoto akamwelekeza. Muda wote huo watu arubaini na mmoja walikaa juu chumbani kwangu, kwenye rafu, baina ya vitabu. Mtoto ndiye aliyeomba iwe huko. Jikoni, alisema, hawapaamini.

Siku ya tano alihamishia mji wake kidakani, na nilishuka saa ya alasiri nikitaraji kusikia sauti. Sikusikia. Siku ya pili vile vile. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, magoti ameyakumbatia, watu wake wamesimama kwa safu mbele ya kidaka na vifurushi vya uzi vichwani mwao.

“Wanakwenda wapi?” nilimuuliza.

“Wanahama, Shangazi.”

“Kidaka hawakukipenda?”

“Wamekipenda. Lakini mto umekauka. Watu hawawezi kukaa mahali hapana maji.”

“Watahamia wapi?”

Alichora chokaani kwa kidole. “Makunduchi, labda.”

Nilisimama pale na kitabu changu mkononi. Nilielewa kwamba wakiondoka hao hawataondoka peke yao. Sauti yake itaondoka, na mwili utabaki mezani kwangu ukisema naam na nshakula mpaka kaka yangu aje kuuchukua. Nilielewa pia kwamba hakuna mafundisho yoyote niliyokuwa nayo, katika yote niliyoyatoa kwa miaka ishirini, ambayo yangewapatia watu wale tone moja la maji.

“Wasiondoke kabla hawajauliza,” nilisema. “Mimi nimesikia kuna kisima.”

Aliinua uso. “Kiko wapi?”

“Chini ya jikoni.”

“Umesikia kwa nani, Shangazi?”

Mtoto niliyemlea mimi. Lazima aulize ushahidi. Nilivuta kigoda, nikakaa, na magoti yangu yakalia.

“Kwa yule mjusi,” nilisema. “Siku ile alipoamkiwa, kuna jambo moja hakulisema, kwa sababu hakuulizwa. Zamani, kabla ya nyumba hii kujengwa...”

Nilisimulia mpaka ilipoadhiniwa magharibi. Kisima nilikichimba kirefu kupita kiasi, nikashindwa kuwashusha, na ni yeye aliyenitoa kwenye taabu hiyo: alileta uzi, akaleta sisimizi, akanisahihisha mara tatu, mara moja kwa lahaja ya kwao, nami sikumrekebisha. Tulipofika mahali ambapo ndoo ya kwanza, nayo ni kifuniko cha kalamu, ilipanda na maji, alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kisicho na staha yoyote, na Mama alipiga sakafu ya jikoni kwa mkongojo wake kukipokea.

Maulidi yalisomwa Jumapili. Nyumba ilijaa udi na marashi, wanawake wamekaa bega kwa bega mpaka kwenye ngazi, jirani yetu mshonaji katikati, mahali nilipomwekea mto wa kukalia mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye kisimamo, pale watu wote wanapoinuka kumsalia Mtume, na sauti zote zikapanda, bado niliisikia sauti moja ya ujiani ikishindana nazo, ikiwaamrisha watoto wa mtaa mzima wapange foleni, wapige hodi mmoja mmoja, na asichungulie mtu. Baada ya dua, kahawa na halwa zikipita, mwanamke mmoja alinigusa goti akaniuliza kama nilikuwa nayasikia makelele yale, maana wanafunzi wangu shuleni huwa hawathubutu. Nilimwambia nayasikia.

Mtoto wake wa kiume, wa miaka mitano hivi, alitoka ujiani mbio, akajipenyeza baina ya wageni, macho yamemtoka.

“Mama! Chini ya jiko lao kuna kisima! Wallahi! Kina maji!”

Wanawake walicheka. Yeye akakasirika, akanigeukia mimi, maana mimi ni mwalimu na neno langu linamaliza mabishano. “Si kweli kipo?”

Ukumbi mzima ukanigeukia. Jirani yangu alikishusha kikombe chake cha kahawa.

“Kipo,” nilisema. “Maji yake matamu. Lakini uzi tulionao mfupi, tunatafuta mwengine.”

“Mimi ninao nyumbani,” alisema jirani. “Wa rangi gani mnautaka?”